Mkono Ulioshika Mguu

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na bati la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimesogeza magogo, nimetandaza magunia, nimelaani. Daftari hili nimelianza kwa sababu tangu Kaka afariki sina wa kugombana naye, na mimi nisipogombana naumwa kichwa.

Machi 5, Jumatano

Mvua. Msasa umekula unyevu, haukamati mbao. Sikufanya kitu.

Machi 10, Jumatatu

Leo nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, kwa hiyo nisamehewe mwandiko.

Ofisa Utamaduni alikuja na mwavuli wake na karatasi moja ndani ya plastiki. Ni maneno yatakayochongwa kwenye kibao cha shaba, chini ya sanamu aliyoichonga Kaka, kule maktaba mpya. Uzinduzi ni mvua zikiisha. Alitaka nihakiki jina la marehemu tu. Jina liko sawa. Hayo mengine yote ni matusi.

Niandike kwanza sanamu ilivyo, maana nikifa kesho asije mtu akasoma hapa akabaki gizani. Ni gogo moja, urefu wa mtu na nusu. Chini amesimama mwanamke mtu mzima. Mabegani mwake amesimama msichana, simu sikioni, uso kauelekeza juu. Mkono wa kulia wa yule mwanamke umeshika kifundo cha mguu wa msichana. Basi. Sisi karakanani tuliiita Simu.

Kibao kinasema hivi, nanakili neno kwa neno: “JANA NA KESHO. Mama, aliyeachwa na makwaruzo usoni, ni mila iliyochakaa. Binti, laini na mng'avu, ni usasa unaotamani kuruka. Mkono wa mama ni uzito wa jadi unaokizuia kizazi kipya kupaa.”

Mila iliyochakaa! Mwanamke huyo ni mama yangu. Wakati nasoma alikuwa jikoni anachambua maharage. Na huyo kizazi kipya ni mimi, nilipokuwa na miaka kumi na minne na kilo zisizozidi thelathini na tano. Kaka alikuwa ameenda mbali kujifunza kazi. Tulikuwa na simu moja ya vitufe, na nyumbani kwetu mtandao ulikuwa unashika sehemu moja tu, kwenye pembe ya juu ya dirisha, chini ya bati. Hata ukipandanisha viti vyote viwili hufiki. Kwa hiyo kila Jumapili Mama alichuchumaa, nikapanda mabegani, akasimama. Mama mwenyewe hakuweza kuongea na simu. Mashine ya kusaga aliyoifanyia kazi miaka kumi na moja ilikuwa imeshamla masikio. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza, kisha nashusha habari chini kwa kupiga kelele. Yeye alinishika mguu nisianguke. Hapo jadi imeingilia wapi?

Na hayo makwaruzo! Kazi yangu miaka yote ni kupiga msasa na nta. Kaka akichonga, mimi nasugua, na karakana yetu ina utaratibu mmoja: uso ni wa mwisho, na msasa haugusi uso mpaka mchongaji mwenyewe aseme “imetosha”. Uso wa msichana aliusemea hivyo. Uso wa Mama alisema atauangalia tena Jumatano. Akafa Jumanne, kifua, hata chai hakumaliza. Wiki ya pili baada ya msiba watu wa maktaba wakaja na lori wakabeba sanamu, eti mvua zisije zikaziba barabara. Uso haukusuguliwa kwa sababu hiyo. Kumbe kifo cha kaka yangu kimekuwa falsafa.

Nani kaandika? Ofisa anasema ni Mchambuzi, msomi wa chuo, ana shahada tatu. Mama hasomi. Siku ya uzinduzi ataketi mstari wa mbele kama mzazi wa msanii, na mtu mwenye sauti nzuri atamsomea mbele ya watu mia mbili kwamba yeye ni uzito uliomzuia mtoto wake. Haki ya Mungu, si mimi nikiwa hai.

Machi 11, Jumanne

Bado nimekasirika.

Machi 14, Ijumaa

Nimekwenda ofisini kwa Ofisa, viatu vimejaa tope, nikavifuta kwenye zulia lake kwa makusudi.

“Dada yangu,” akaniambia, “sanaa ni ya wote. Kila mtu anaona chake.”

“Basi kila mtu atengenezewe kibao chake.”

Akacheka. Sikuwa natania. Akauliza kama marehemu aliacha maandishi yoyote kuhusu maana ya kazi yake. Kaka! Mtu aliyekuwa haandiki hata orodha ya misumari. Nikamwambia hakuna maandishi, ila nipo mimi, ninapumua, ndiye huyo msichana wa juu.

“Hilo ni la kifamilia,” akasema. “Sanamu ya umma inahitaji maana ya umma.”

Shaba inapelekwa kuchongwa mwisho wa mwezi. Nikamwuliza maana ya umma inapatikana duka gani. Akatazama saa.

Machi 18, Jumanne

Nimempeleka Mama kliniki, magoti. Daktari kamuuliza yanauma tangu lini, mimi nikajibu. Kamuuliza analalaje, nikajibu. Ndivyo tunavyofanya siku zote, hospitali, ofisini, dukani, namsemea. Kusikia kwake ni kwa shida na watu hawana subira. Njiani akaniambia, “Leo umesema magoti yananiuma asubuhi. Yananiuma jioni.” Nikamwambia daktari keshaandika. Mvua ilitunyeshea mpaka nguo za ndani.

Machi 21, Ijumaa

Nilisema nitaisugua hiyo sura mwenyewe, nione huyo Mchambuzi atapata wapi makwaruzo ya kuandikia. Nikachukua msasa wa aina tatu, kitambaa na kopo la nta, nikaenda maktaba mchana kweupe. Sanamu iko ukumbi wa mbele, imefunikwa turubai. Mlinzi alikuwa anakula muhogo. Nikamwambia nimetoka karakana, jambo la kweli kabisa, nikaingia chini ya turubai.

Sikuweza. Mkono niliuinua, msasa nikauweka shavuni, mkono ukagoma. Miaka yote sijawahi kugusa uso bila kuambiwa “imetosha”, na wa kuniambia yuko chini ya ardhi. Nikabaki nimesimama humo gizani pua kwa pua na mama yangu wa mti, nalia kama mtoto.

Mlinzi akafunua turubai. “Mama, mbona unamfuta machozi huyo wakati anayelia ni wewe?”

Ndipo Ofisa naye akatokea. “Unaharibu mali ya umma!” Watu wa maktaba wakachungulia. Mali ya umma! Mimi niliyelitoa gogo hilo magome kwa mikono hii! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, Mama akija kusomewa daftari hili siku moja nitaona aibu.

Machi 22, Jumamosi

Nimeletewa barua ya onyo. Ina mihuri miwili.

Machi 27, Alhamisi

Mchambuzi kaja karakanani mwenyewe. Nilikuwa nimemtengenezea kichwani mzee mwenye tumbo na majivuno. Aliyeingia ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, viatu vimelowa chepechepe, miwani imejaa ukungu, akasema shikamoo kwa adabu kabisa. Hilo lilizidi kuniudhi. Mtu ukiwa umejiandaa kumrarua, usiletewe mwenye adabu.

“Nimesikia hukubaliani na maelezo yangu,” akasema.

“Umesikia vizuri. Kaa hapo, si hapo, hapo panavuja.”

Nikampa hadithi yote, dirisha, bati, simu, masikio ya Mama. Akaandika. Akasema, kwa upole, kwamba makwaruzo ya uso hata hivyo ni uamuzi wa kisanii.

“Uamuzi wa nani? Wa Mungu? Kaka yangu alikufa Jumanne, wewe unaniambia uamuzi?”

Akavua miwani. Rangi ilimtoka, nikaona kweli hakujua. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Akafuta mstari kwenye karatasi yake, kisha akasema, “Lakini mkono, dada. Tuutazame mkono.” Akatoa picha. “Ukimshika mtu asianguke, unakaza. Kidole gumba kinazunguka. Huu haujakaza. Kiganja kimelala tu, gumba limelala juu ya mfupa. Mkono huu haumwokoi mtu.”

Nikaitazama picha. Mkono huo nimeusugua siku nne, kila kidole nakijua. Ni kweli. Gumba limelala. Nilishikwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

“Na kumzuia je?” nikasema. “Kwa gumba hilo, unamzuia hata kuku?”

Akatazama muda mrefu. “Hapana,” akasema. “Haumzuii.”

Basi tukakaa, mvua inapiga bati, wataalamu wawili wa mkono mmoja na hakuna anayejua unafanya nini. Akaniambia shaba ilishapelekwa tangu Jumatatu, Ofisa hakutaka kungoja mwisho wa mwezi baada ya kisa cha turubai. Kwa hiyo ni mimi niliyeharakisha. Nikamwambia aondoke. Nikamwazima mwavuli, lakini nilimwambia aondoke.

Machi 28, Ijumaa

Nimekumbuka. Mkono huo Kaka aliuchonga akiwa na Mama. Asubuhi tatu mfululizo alinituma nta, na nta tulikuwa nayo tele. Niliporudi niliwakuta wamekaa wanachekeana, Mama anapangusa macho. Nikauliza kulikoni, Kaka akasema, “Mambo ya wakubwa.” Niliudhika, nikaenda kuosha brashi.

Aprili 2, Jumatano

Mvua.

Aprili 3, Alhamisi

Mvua. Kabati la vitabu limeota ukungu.

Aprili 9, Jumatano

Nimeandika hotuba. Kurasa mbili. Ofisa akimaliza kusoma kibao, nitasimama. Wanifukuze, waniite polisi, waniletee barua ya mihuri sita. Nimeandika: “Mama yangu hakuwa uzito. Mama yangu alikuwa ngazi.” Nimeipenda hiyo.

Aprili 16, Jumatano

Nimefuta hapo pa ngazi. Ngazi ni kitu cha kukanyagwa.

Aprili 27, Jumapili

Nimemwambia Mama leo kibao kinasema nini. Nilikuwa nimemficha, lakini nikaona afadhali alisikie kwangu kuliko kwa mgeni. Nilimpigia kelele sikioni neno kwa neno, na baada ya kila neno nikamweleza kwa nini ni uongo, na nikamweleza yeye alikuwa anafanya nini alipokuwa amenishika. Nilimaliza nikiwa sina sauti. Yeye alikuwa anakunja nguo.

“Umemaliza?” akaniuliza.

“Nimemaliza.”

“Nipe hilo shuka ushike upande huo.”

Namkasirikia na yeye. Mtu anakutetea mpaka mishipa ya shingo inatoka, wewe unakunja shuka!

Mei 3, Jumamosi

Mvua zimepungua. Mchambuzi karudisha mwavuli. Aliandika barua mbili kuomba kibao kibadilishwe, Ofisa kamjibu kwamba tarehe imeshatangazwa na mgeni rasmi amealikwa. Alisimama mlangoni kama mtu aliyevunja kikombe cha watu. Nilimpa kigoda. Simpendi, ila ana aibu, na aibu siku hizi ni adimu.

Mei 10, Jumamosi

Jua. Nimeanika kila kitu, pamoja na hotuba.

Mei 17, Jumamosi

Naandika kila kitu kilivyokuwa, nisijesahau.

Watu walijaa ukumbi wa mbele mpaka ngazini. Turubai limeondolewa, wameweka kitambaa chekundu, na kibao nacho kina kitambaa chake kidogo. Mama alivaa gauni la buluu, tukawekwa mstari wa mbele. Hotuba yangu nilikuwa nimeikunja kiganjani, jasho limeilowesha. Mchambuzi alikuwa pembeni, hajakaa.

Mgeni rasmi akavuta kitambaa. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa hajaiona tangu ilipoondoka karakanani, akaitazama, akatikisa kichwa polepole. Kisha Ofisa akafunua kibao, akasoma. Ana sauti nzuri kweli. “Mila iliyochakaa.” Watu wakaitikia kwa kichwa. “Uzito wa jadi.” Mwanamke nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, “Kweli kabisa, ona alivyomkaba.” Nikageuka nikamtazama mpaka akainama.

Nikasimama. Karatasi nimeifungua. Mama akanivuta gauni.

“Kaa.”

“Mama, niache, nataka...”

“Nimesema kaa chini, wewe mtoto.”

Nina miaka thelathini na tisa. Nilikaa.

Ofisa, kwa kuwa ratiba ilisema mzazi atatoa neno la shukrani, akamletea Mama kipaza sauti. Mimi nikanyoosha mkono kukipokea, kama kawaida yetu. Mama akakipokea yeye. Wala hakukisogeza mdomoni, hana haja, mtu asiyesikia vizuri husema kwa sauti.

“Asanteni kwa kuja,” akasema. “Huyu wa chini ni mimi. Huyu wa juu ni huyu binti yangu hapa. Anayeongea kwenye simu ni mwanangu, hayumo kwenye mti, ndiye aliyeuchonga.”

Ofisa akatazama kibao, kisha Mama, kisha kibao.

“Mmesema hapa mkono wangu unamzuia. Binti yangu anasema namshika asianguke. Huyu hajawahi kuanguka hata siku moja, alikuwa anakwea kama paka. Mimi sisikii. Nilikuwa sisikii hata wakati ule. Mtoto wangu yuko mbali, anaongea juu huko kwenye bati, mimi nipo chini, sipati hata neno. Basi naweka mkono hapa.” Akainama, magoti na yote, akanishika kifundo cha mguu mbele ya watu mia mbili. Kiganja kimelala, gumba juu ya mfupa. “Kaka yake akisema la kuchekesha, mguu unacheka. Akisema la huzuni, unakaza hapa. Nilikuwa namsikiliza mwanangu. Hilo tu. Haya, asanteni.”

Akarudisha kipaza sauti. Watu wakapiga makofi, wote. Mwanamke wa nyuma yangu alikuwa analia, na mimi nikamchukia kwa kulia kabla yangu. Mchambuzi akapita mbele ya mgeni rasmi bila kuomba ruhusa, akaokota kile kitambaa kidogo, akakifunika kibao. Kisha akaja kwa Mama, akapiga goti, akamsemea sikioni.

“Nisamehe, mama. Sikuja kukuuliza.”

“Hukuja,” Mama akasema. “Lakini wewe ulikuwa mbali.”

Nilijifanya sikusikia.

Mei 18, Jumapili

Nilimngoja Mama mpaka akamaliza chai. Nilikuwa bado nina hasira, na safari hii nilitaka kumpa yeye mwenyewe. Nikampigia kelele: miaka ishirini na mitano! Miaka ishirini na mitano naamini ulinishika nisianguke, nimewaambia watu, nimegombana na ofisi nzima, nimepewa barua ya onyo! Nimekusomea kibao kizima humu ndani, unakunja shuka! Kwa nini hukuniambia?

“Uliniuliza?”

“Mama!”

“Hukuniuliza. Ulikuwa unanieleza.” Hakusema kwa ubaya. “Aliyeniuliza ni kaka yako. Asubuhi tatu alinikalisha pale, akasema Mama, mkono ulikuwa unafanya nini. Nikamweleza, tukacheka, tukalia.”

Nikamuuliza basi. Nikamuuliza ni siku gani anayoikumbuka zaidi.

Akasema ile Jumapili ya msumeno.

Jumapili hiyo Kaka alinipigia kutoka hospitali. Msumeno wa mashine ulikuwa umemkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, akasema, usimwambie Mama, nakuomba, mwambie sijambo. Nikiwa huko juu nikapiga kelele kwa furaha kabisa, “Hajambo, Mama! Anasema kazi inaendelea vizuri!” Kesho yake Mama akasema anakwenda kumwona shangazi, akakaa wiki mbili. Baadaye sana Kaka alirudi nyumbani na vidole vyake vinane, tukasema ilikuwa ajali ya juzi juzi, na mimi maisha yangu yote nimekuwa nikijisifu moyoni kwamba siku ile nilimwokoa Mama na uchungu.

“Hukwenda kwa shangazi,” nikasema.

“Nilikwenda kwa kaka yako. Sikumkuta kazini, nikamtafuta hospitali. Nilizunguka mbili kabla sijaipata. Mguu wako ulikuwa baridi, unatetemeka kama wa mgonjwa, huku mdomo unaniambia hajambo.”

“Na Kaka akajua kwamba unajua?”

“Si nilimlisha uji mimi? Tulikubaliana tusikwambie.”

Nikamwambia kwamba hiyo si haki, kwamba walinifanya mjinga, wote wawili, miaka yote. Nilikuwa nalia na nimekasirika na sijui nilikuwa namkasirikia nani.

Mama akanivuta, akanikalisha karibu naye kwenye benchi.

“Ulikuwa mtoto, na ulijitahidi sana kunidanganya,” akasema. “Hatukutaka ujue umeshindwa.”